Mvua Isiyopimwa

KIJANA: Mzee, nasikia huko Uswisi watu hutangaziwa kila jioni ya majira ya baridi hatari ya theluji kuporomoka, kwa daraja tano. Mbona sisi wa Kivu Kaskazini, Kongo, tunaoporomokewa na udongo, hatutangaziwi lolote?

MZEE: Mwanangu, usidhani Waswisi wamejaliwa ilimu ya ghaibu. Taarifa zao zilianza 1945, na nyuma ya kila taarifa wapo watu wa vijijini wanaopima kina cha theluji alfajiri, wakapeleka hesabu yao kwa wataalamu wa theluji walioko Davos, mwaka hata mwaka.

KIJANA: Nasi tunao wataalamu. Goma si kuna kituo cha kuchunguza volkano?

MZEE: Kipo, tangu 1986, nacho hutazama Nyiragongo na Nyamulagira. Mlima wa moto hujulikana ulipo, na moto, kwa radhi yako, huwashtua wafadhili kuliko tope. Lakini katika eneo la Masisi kila kilima kilichofyekwa miti kikafanywa malisho, na kila ukingo uliochimbwa kwa ajili ya njia au madini, chaweza kuanguka peke yake na jirani yake kikasimama. Wakumbuka kijiji cha Bolowa, huko huko Masisi, tarehe 2 Aprili 2023? Wanawake na watoto walikuwa kijitoni chini ya mlima, wakifua na kuosha vyombo, udongo ukawafunika. Wakafa watu wapatao 20.

KIJANA: Basi si mvua ipimwe?

MZEE: Hapo ndipo penye shina. Ili useme kuwa leo pana hatari, sharti ujue ni mvua kiasi gani, ya siku ngapi mfululizo, iliyowahi kuangusha mteremko wa namna hiyo. Na hulijui hilo ila hesabu ya mvua na hesabu ya maporomoko ziwe zimekaa pamoja miaka mingi. Satelaiti hukadiria tu, na bonde moja huweza kufurika hali la pili ni kavu. Vita vilipozuka Ntoto, kwenu Walikale, Machi 1993, vikapanda hadi Masisi, nani angesimama kupima mvua naye anakimbia na godoro kichwani?

KIJANA: Nifanyeje mimi, Mzee?

MZEE: Twaa kopo lenye kuta zilizonyooka, uliweke peupe, mbali na miti na paa, kila asubuhi saa moja upime kwa rula, uandike milimita, kisha ulimwage.

KIJANA: Na siku nitakayokimbia?

MZEE: Ukirudi, andika kwamba hukupima. Usitie sifuri, kwani sifuri maana yake mvua haikunyesha.