Dar es Salaam hadi Matema kwa Pikipiki: Mwongozo kwa Mke na Mume Waliostaafu

Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu akiwa na miaka 60 kwa lazima, au 55 kwa hiari. Wengi wakifika hapo wanajenga, wanafuga kuku, wanarudi kijijini. Hayo yote ni mema, lakini kabla ya kuku wa kwanza nawasihi mke na mume wapakie mizigo kwenye pikipiki na kuifuata barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kisha washuke Tukuyu na Kyela hadi ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa. Ni karibu kilomita 1,000. Mtaanzia usawa wa bahari, mtapanda hadi penye ukungu kwenye mita zaidi ya 2,000, na mtamalizia ziwani, kwenye joto, chini ya mita 500.

Basi hufika Mbeya kwa siku moja. Ninyi jipeni siku nane au kumi za kwenda tu.

Naandika kama mtu wa kiti cha nyuma, na kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza haugusi injini. Dereva ana usukani, ana breki na gia. Mwili wake una shughuli. Aliye nyuma amekunja magoti, kiuno chake kinapokea kila tuta, na upepo wa lori linalopita unampiga ubavuni bila kumwonya. Akiwa na miaka 60 hastahimili saa tatu mfululizo, na mara nyingi atanyamaza kwa kuwa hataki kumkatisha mwenzake raha. Basi iwe sheria ya safari tangu nyumbani: anayekaa nyuma ndiye anayepanga vituo. Akimgonga dereva begani mara mbili, pikipiki inasimama mahali salama pa kwanza, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kilomita 150 hadi 200 zinatosha kwa siku moja. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mwe mmeshafika mnakolala saa nane mchana, na usiku msiende kabisa. Malori yaliyoharibika huachwa barabarani yakiwa na matawi tu ya kuashiria hatari, na gizani matawi hayaonekani.

Kuhusu fedha nina msimamo mkali: kiinua mgongo kisiguswe. Wekeni kando sehemu ya pensheni kwa miezi kadhaa, na safari ilingane na kilichopatikana. Nyumba za kulala wageni zipo kila mji wa njia hii, na nyingi zina ua wenye geti ambamo pikipiki italala salama. Ulizieni geti kabla ya kuulizia bei.

Pikipiki ya cc 150 inatosha kwa watu wawili, ilimradi isipakiwe kama ya muuza mkaa. Boxer na TVS zina faida kubwa kuliko pikipiki za kifahari: kila kijiwe cha bodaboda kuna fundi anayezijua na duka lenye spea zake. Kabla ya kuondoka badilisheni oili, kagueni cheni na sproketi, fungeni tairi jipya nyuma, na mwambieni fundi akaze shokapu za nyuma kwa uzito wa watu wawili. Bebeni tyubu moja ya akiba, plagi, waya wa klachi na pampu ndogo. Kofia ngumu ni lazima kwa wote wawili, kisheria na kwa akili. Leseni iwe na daraja la pikipiki, bima iwe hai, na kadi ya pikipiki iwe mahali pasipolowa. Trafiki wa njia hii wana tochi za kupima mwendo, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa vijijini si ombi.

Dawa za presha na sukari zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisifungwe kwenye keria, pamoja na kadi za bima ya afya. Morogoro na Iringa kuna hospitali za rufaa za mkoa. Mbeya kuna ya kanda.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Juni na Julai nyanda za juu zina baridi kali asubuhi, kwa hiyo sweta, glovu na koti la mvua visikosekane hata kama mnaondoka Dar mkitokwa jasho. Machi hadi Mei msijaribu: Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini.

Tokeni Dar alfajiri ya Jumapili, maana msongamano hadi Kibaha na Mlandizi siku za kazi huchosha kuliko mlima wowote. Chalinze ndipo njia ya Tanga na Moshi inapochepuka. Ninyi nyoosheni hadi Morogoro, kilomita 190 hivi kutoka Dar, mlale chini ya Milima ya Uluguru.

Siku ya pili ni fupi kwa makusudi. Kati ya Morogoro na mji wa Mikumi barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kwenye gari hii ni burudani, ila kwenye pikipiki hakuna kioo wala mlango kati yenu na tembo. Ingieni kati ya saa tatu na saa sita mchana, epukeni alfajiri na magharibi wanyama wanapovuka kwa wingi. Msisimame kupiga picha, msiwalishe nyani, na msipige honi. Mkiona tembo karibu na lami, simameni mbali nyuma yake, injini ikiwa inaunguruma taratibu, msubiri lori au basi litangulie, kisha mlifuate. Aliye nyuma ndiye macho ya pembeni: atazame vichaka, amwachie dereva barabara. Twiga watawaangalia kutoka juu, na nawaahidi hamtazungumza kwa dakika kadhaa. Atakayetaka kutalii ndani ya hifadhi aiache pikipiki mjini Mikumi na kukodi gari.

Mbele ya Mikumi mnaingia bonde la mibuyu, Mto Ruaha Mkuu ukiwa kando yenu. Kuna joto kali, kwa hiyo kunyweni maji kabla ya kiu. Ruaha Mbuyuni vitunguu vinauzwa barabarani kwa mafungu yaliyopangwa vizuri, lakini viacheni mpaka mtakaporudi, kwani mbele kuna Kitonga.

Mlima Kitonga unaogopwa na madereva, nao una haki ya kuogopwa. Ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, kona zinafuatana, na malori yenye shehena za Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pandeni kwa gia ndogo, na mbaki nyuma ya lori kwa umbali unaowawezesha kuona vioo vyake vya pembeni; usipoviona, dereva hakuoni. Msilipite kwenye kona hata kondakta wake akiwapungia mkono. Mkirudi, hatari ni kubwa zaidi: mteremko ushikwe na gia, breki isaidie tu, maana breki iliyobanwa muda wote huchemka na kuacha kushika. Mkisikia harufu ya breki zinazoungua, ni lori lililo juu yenu. Tafuteni pa kujibanza, lipite.

Iringa inastahili siku mbili. Wahehe watawapokea kwa "kamwene", nanyi itikieni hivyo hivyo. Kabla ya kufika mjini, upande wa Ilula, kuna Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Kalenga, nje kidogo ya mji, ndiko kulikokuwa na ngome ya Mkwawa, na makumbusho yanahifadhi fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila, kama kilomita 20 kwa njia ya Mbeya, ina zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Nendeni asubuhi, kwa sababu mchana korongo lina joto. Jioni pandeni taratibu jiwe la Gangilonga mwone mji wote. Ulanzi, pombe ya mianzi, hupatikana katika msimu wake. Kama mtaonja, pikipiki isitoke siku hiyo.

Kutoka Iringa, misitu ya misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga inanukia vizuri, na kwa baridi ya Makambako, usiku mmoja wa kulala huko unatosha. Baada ya Igawa mnashuka kwenye uwanda wa Usangu, mashamba ya mpunga yakiwa kulia kwenu. Chimala ina njia ya kona 57 zinazopanda kuelekea Matamba na Kitulo. Waachieni vijana.

Uyole, kabla ya jiji la Mbeya, ndipo pa kukata kushoto. Sehemu ya Isongole ina ukungu unaolowesha nguo, na viazi mviringo kwa ndoo kando ya lami. Washeni taa, vaeni reflekta. Tukuyu laleni siku mbili pia. Mlima Rungwe uko juu yenu, chai na migomba vinafunika kila kilima, na Daraja la Mungu, mwamba wa asili uliovuka Mto Kiwira, haliko mbali. Agizeni mbalaga, ndizi zilizopikwa Kinyakyusa kwa nyama, na salamu ya wazee wawili ni "mugonile". Vijana wa bodaboda watawaamkia shikamoo kisha watawauliza mmetoka wapi. Waambieni, na muwaulize hali ya njia, hakuna aijuaye kuliko wao.

Mteremko wa kwenda Kyela utawavua makoti. Kikusya kateni kushoto kupitia Ipinda hadi Matema, mashamba ya kokoa na mpunga yakiwasindikiza. Milima ya Livingstone inaangukia ziwani moja kwa moja, samaki aitwaye mbasa anachomwa mbele yenu, na maji ni safi. Ulizeni wenyeji mahali salama pa kuogelea, mbali na midomo ya mito.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kinachofikiwa kwa mtumbwi, hufinyanga vyungu vinavyouzwa soko la Jumamosi karibu na Matema. Nunueni, ila visipande keria. Vifungeni kwa majani ya migomba, muviache ofisi ya basi Kyela vitangulie Dar. Kabla ya kuanza kurudi, pitieni Mbeya mjini mbadilishe oili na pedi za breki, kwa sababu Kitonga mtaishuka safari hii.