Chakula, Kinywaji na Mazoezi ya Yoga

Yoga ni mazoezi ya viungo na pumzi yenye asili ya Bara Hindi. Ayafanyaye kila siku, awe Bukoba mjini au kijijini Muleba, hana budi kuzingatia ale nini na wakati gani.

Mlo wa ndizi na maharage huchukua muda wa saa 2 hadi 4 kabla ya kuondoka wote tumboni. Tumbo lililojaa hukisukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na pumzi huwa fupi. Mtu akiinama, asidi huweza kupanda na kuleta kiungulia. Kwa hiyo wakati ufaao ni asubuhi kabla ya kula. Lakini mgonjwa wa kisukari atumiaye dawa asifanye hivyo bila ushauri wa daktari, kwani sukari ya damu yaweza kushuka mno.

Kahawa ya kutafuna, ambayo Wahaya humkaribishia mgeni, hutokana na robusta, aina yenye kafeini karibu maradufu ya arabika. Baada ya saa 5 hivi, nusu ya kafeini hiyo ingali mwilini. Aitafunaye jioni huenda akakosa usingizi, akaamka mchovu.

Rubisi, pombe ya ndizi mbivu na mtama, yadhuru zaidi. Pombe huvuruga sehemu ya nyuma ya ubongo inayoongoza usawa wa mwili, tena huongeza mkojo. Asimamaye kwa mguu mmoja baada ya kuinywa aweza kuanguka na kuvunjika.

Basi maji yatangulie, mazoezi yafuate, kisha ndizi.