Homa ya Ini Aina ya B: Jinsi ya Kusoma Majibu ya Damu

Mwanafunzi kutoka Nyali anayejiunga na chuo cha uuguzi anapimwa homa ya ini aina ya B, yaani hepatitisi B. Jibu linatoka: hasi. Anashukuru, anaikunja karatasi na kuondoka. Lakini jibu hilo linasema tu kwamba virusi havikuonekana kwenye damu siku ile. Halisemi iwapo ana kinga, na karibuni ataanza kushika sindano wodini.

Ndiyo maana wataalamu husoma alama tatu za damu:

1. HBsAg ni sehemu ya ganda la nje la kirusi. Ikiwa chanya, virusi vimo mwilini.
2. Anti-HBs ni kingamwili. Kiwango cha 10 au zaidi baada ya chanjo huonyesha kuwa mtu amekingwa.
3. Anti-HBc huonyesha kwamba mtu amewahi kuambukizwa. Chanjo haileti alama hii.

Zisomwe pamoja

Anti-HBs ikiwa chanya peke yake, kinga imetokana na chanjo. Ikiwa pamoja na anti-HBc, huku HBsAg ni hasi, mtu aliambukizwa akapona. Zote tatu zikiwa hasi kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa, hana kinga: anahitaji chanjo, kwa kawaida dozi 3 katika miezi 6.

Kenya iliingiza chanjo hii katika kliniki za watoto mwishoni mwa 2001, nayo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa hivyo wanafunzi wengi wa sasa walichanjwa, ila wazazi wao wengi hawakuchanjwa. Kingamwili za chanjo ya utotoni huweza kupungua ingawa mwili bado unakumbuka. Nenda na kadi yako ya kliniki unapopimwa.

Jibu likiwa chanya

HBsAg ikiwa chanya, usikate tamaa. Watu wazima wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe. Watoto wachanga wapatao 9 kati ya 10 hubaki na virusi. Vikidumu zaidi ya miezi 6, maambukizi ni sugu na ini lichunguzwe mara kwa mara, kwani huweza kupata makovu au saratani. Zipo dawa za kuvituliza virusi. Epuka pombe, na wenzi na watu wa nyumbani wapimwe. Mama mjamzito aseme mapema ili mtoto akingwe anapozaliwa.

Virusi huenea kwa damu, ngono bila kinga, wembe na mswaki wa kushirikiana. Havienei kwa kupeana mikono, kukohoa wala kula sinia moja. Usimtenge mwenzako chumbani.

Umepimwa? Iweke karatasi ya majibu, kisha umuulize mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu nawe: "Je, nina kinga?"