NAMBA YA LOTI HAIPOTEI: Somo kwa makarani wa samaki

Msafirishaji wa minofu ya sangara kutoka Mwanza huuza samaki pamoja na kumbukumbu zake. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwekea vikwazo samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa hofu ya bakteria, kipindupindu na sumu. Tangu Januari 1, 2005, Kifungu cha 18 cha Kanuni namba 178 ya 2002 ya Umoja huo kinamtaka mfanyabiashara wa chakula aweze kueleza bidhaa ameipata kwa nani na ameiuza kwa nani. Ndiyo maana mnunuzi wa Ulaya akitilia shaka loti moja, huuliza Mwanza: ilitoka mwalo gani, siku gani?

Tuchukue mfano. Hesabu za mapokezi zimepangwa folda ndani ya folda: mwaka, mwezi, kisha mwalo. Inaulizwa loti SG-417. Karani akifungua faili moja moja, siku itakwisha na mzigo umezuiliwa.

Kwenye Windows, afungue dirisha la amri, aingie folda kuu, aandike:

findstr /s /i /n /c:"SG-417" *.csv

Alama /s hupekua folda zote za ndani; /i haijali herufi kubwa au ndogo; /n hutaja namba ya mstari; /c hutafuta maandishi kama yalivyo. Bila /c, maandishi yenye nafasi katikati huhesabiwa kuwa maneno mbalimbali, na kila mstari wenye neno mojawapo hutoka.

Je, kama karani mwingine aliandika SG 417 au SG417? Hapo hutafutwa kwa umbo:

findstr /s /i /n /r "SG.*417" *.csv

Nukta na nyota humaanisha herufi zozote, au hakuna kabisa. Umbo hili huvuta hata SG-4170, hivyo majibu yasomwe kwa macho.

Tahadhari moja ni kubwa. Amri hii husoma maandishi ya kawaida. Haioni yaliyomo katika faili za xlsx wala stakabadhi zilizopigwa picha. Nakala ya csv ihifadhiwe kila jioni. Kompyuta ikikaa kimya, maana yake haikuona, si kwamba samaki hawakupokelewa. Karani asimjibu mnunuzi "hatuna" kabla ya kupekua na daftari la mapokezi.