Familia Kambini: Tulale Salama Kando ya Maziwa ya Mlimani



Shule zinapofungwa mwezi Juni, familia nyingi hupenda kutoka pamoja. Wengine huenda kijijini kuwaona babu na bibi. Siku hizi wapo pia wanaochanga fedha, wakakodi Hiace, wakabeba mahema na sufuria, wakaenda kulala siku mbili tatu kando ya maziwa ya Momella chini ya Mlima Meru, au Ziwa Duluti karibu na Tengeru, au Ziwa Chala upande wa mashariki wa Kilimanjaro. Ni jambo jema. Watoto hujifunza mengi, na wazazi hupata nafasi ya kuzungumza nao. Lakini kambi si nyumbani. Basi mwezi huu tujifunze namna ya kuitayarisha safari hiyo ili wote waliokwenda warudi wazima.

1. KABLA YA KUONDOKA: WAGONJWA KWANZA

Wiki moja kabla ya safari, baba na mama wakae chini na kujiuliza: nani kati yetu ana ugonjwa wa kudumu?

- Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu huumia haraka kwa baridi na kwa kupungukiwa maji mwilini. Mwulizeni daktari wake kwanza. Akienda, avae vizuri mchana na usiku, na anywe maji mara kwa mara hata kama hasikii kiu.
- Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Asiketi karibu na moshi.
- Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto wala maji.
- Wenye shinikizo la damu, kisukari, na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wabebe dawa za siku zote za safari na siku 3 za ziada. Gari huweza kuharibika.

Chukueni kadi za kliniki za watoto na kadi za bima. Ulizeni mapema hospitali iliyo karibu na kambi ni ipi na njia yake ikoje. Mwacheni mtu nyumbani anayejua mnakokwenda na siku ya kurudi. Msisafiri usiku, na dereva apumzike. Kila mtu afunge mkanda.

2. JIKO LA MKAA LISIINGIE NDANI YA HEMA

Hapa naomba msome polepole. Usiku wa Juni na Julai chini ya Meru ni wa baridi kali. Mama anaona watoto wanatetemeka, anaingiza jiko hemani, anafunga zipu ili joto lisitoke. Nia yake ni njema, lakini jambo hilo huua.

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta, inakamata mahali pale pale katika damu panapobeba oksijeni, na oksijeni inakosa nafasi. Ubongo na moyo vinakosa hewa huku mtu amelala, hivyo hapati hata nafasi ya kuamka. Watoto wachanga, wazee na mama wajawazito huathirika zaidi.

Wengine husema, "Mkaa wetu umeshaiva, hautoi moshi." Kutokuwa na moshi si dalili ya usalama. Hata mkaa uliofunikwa majivu bado hutoa sumu hiyo. Kuacha dirisha dogo wazi hakutoshi. Hatari ni ile ile kwa wanaolala ndani ya gari lililofungwa huku injini ikiunguruma, na kwa jenereta iliyowekwa karibu na hema.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea na kuchanganyikiwa. Watu wawili au watatu waliolala mahali pamoja wakiamka na kichwa kinauma, msiseme ni malaria au chakula. Fikirini hewa ya sumu.

La kufanya: fungueni hema, watoeni wote nje kwenye hewa safi, zimeni jiko, kisha wapelekeni hospitali mara moja wakapewe oksijeni. Asiyepumua asaidiwe kupumua na anayejua kazi hiyo huku gari likitayarishwa. Hata aliyeonekana kupata nafuu apimwe.

Je, baridi tufanyeje? Vaeni nguo kavu, soksi na kofia. Tandikeni turubai na blanketi chini, kwa maana baridi nyingi hutoka ardhini. Kunyweni uji wa moto kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa hupasha joto kitanda, lakini isiguse ngozi ya mtoto mchanga.

3. MAJI NA CHAKULA

Maji ya Momella ni ya magadi, tena yana madini mengi ya floraidi. Hayafai kunywa wala kupikia. Madini hayo ndiyo yanayofanya meno ya watoto wengi wanaokua kuzunguka Mlima Meru kuwa ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani. Kwa maji ya mito na vijito, chemsheni mpaka yatokote kabisa.

Mlimani maji hutokota kabla ya kufikia joto la pwani, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva. Maharage mabichi, hasa mekundu, huleta kutapika na kuhara. Ni afadhali kuyapika nyumbani na kuyapasha moto kabisa kambini.

Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hamna, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au kinyesi kina damu, safari imekwisha: mpelekeni hospitali.

4. ZIWANI NA PORINI

Ziwa likitulia si kwamba ni salama. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea katika Ziwa Chala. Kingo za maziwa ya namna hii huwa na mteremko mkali, na kina huanza ghafla. Tena maji baridi huweza kuleta kichocho. Watoto wasiogelee. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwaangalia tu, asiwe mpishi wala mpiga picha.

Huko Momella kuna nyati. Msitembee bila askari wa hifadhi. Chakula kisilale hemani, kwa sababu nyani hukifuata. Aliyeumwa na nyani, tumbili au mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda.

Msiache chandarua chenye dawa kwa kudhani mlimani hakuna mbu. Mtu akipata homa wiki chache baada ya kurudi, apimwe malaria na amweleze mganga alikokwenda.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA

1. Nani kwetu anahitaji dawa kila siku, na atazibeba wapi?
2. Kwa nini mkaa usio na moshi bado ni hatari?
3. Tutajifunika nini usiku ili tusihitaji jiko hemani?
4. Nani atawaangalia watoto karibu na maji, na nani atampokea?

Jibuni maswali haya kabla ya kukodi gari. Safari njema.