Dondoo muhimu: WhatsApp na darasa
Tope la Mlima Hanang lilipovamia mji wa Katesh, Tanzania, Desemba 3, 2023, picha zilisambaa simu kwa simu. Mwalimu wa Mbulu au Hanang ana somo tayari hapo: wanafunzi waulize nani kapiga picha, wapi na lini, kabla ya kuisambaza.

Kundi la WhatsApp la darasa liwe la wazazi. WhatsApp yenyewe haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti.

Picha za watoto wenye sare zisirushwe ovyo. Nembo ya shule humwambia mgeni mtoto anapatikana wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti.

Mtoto akitishwa mtandaoni, ujumbe usifutwe. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure.