SOMO LA USALAMA: KWA NINI MPIRA WA MAJI HUCHAPA?

Ndugu wafanyakazi, somo la safari hii linahusu mpira: ule wa maji, na ule wa upepo unaotoka kwenye kompresa. Tunaushika kila siku, tukiosha kahawa, tukimwagilia vitalu, tukipuliza vumbi kwenye mashine. Ni kitu laini, basi tunaudharau.

Mwaka 2004 nilikuwa kijana katika kiwanda cha kahawa. Kiungo cha mpira wa upepo kilichomoka, mpira ukarukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Mwenzetu mmoja aliukimbilia ili aushike. Ulimpiga mdomoni, akapoteza meno 4. Kwenye ripoti msimamizi aliandika neno moja: uzembe. Hatukuwa na la kumjibu, maana hata sisi hatukujua kwa nini mpira hufanya vile.

Sababu ni hii. Maji yanayotoka kwa kasi husukuma nyuma kule yanakotoka. Yakitoka lita 10 kila sekunde, kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, msukumo huo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 20. Bomba la chuma lililofungwa ukutani huuhimili bila kutikisika. Mpira hauwezi. Ukipinda kidogo tu, maji yanayopita kwenye kona yanasukuma upande wa nje wa kona, na kona inazidi. Mpira nao hutaka kunyooka: unarudi, unapitiliza, unapindia upande wa pili, na huko maji yanausukuma tena. Maji yanageuza umbo la mpira, na umbo la mpira linageuza njia ya maji. Hivyo unachapa huku na huku, na nguvu yote inatoka kwenye pampu.

Jaribuni kwa mpira mwembamba wa bustani, ncha ikining'inia. Fungueni koki polepole. Mwanzoni ncha imetulia kabisa. Kasi ikipita kiasi fulani, ghafla inaanza kucheza. Kwa hiyo mtu akikuambia "jana ulitulia", hajakuambia kitu. Labda leo koki imefunguliwa zaidi kidogo.

Upepo una hatari yake ya ziada. Maji hayakandamiziki kwa urahisi, hivyo ukifunga koki nguvu hukatika karibu mara moja. Upepo umeshindiliwa ndani ya mpira kama springi. Hata koki ikifungwa, uliobaki huendelea kutoka. Ndiyo maana lazima utolewe wote kabla ya kulegeza kiungo. Na mpira ukishachomoka, usiukimbilie: kimbilia koki.

Mpira wa kuvuta maji mtoni una shida ya kinyume. Hewa ya nje hukandamiza kwa nguvu ya karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, na pampu ikivuta, mpira wa kawaida hubanwa ukawa bapa. Usikubali kupewa huo badala ya ule wenye waya wa kuzunguka ndani, halafu ulaumiwe pampu ikiungua.

Turudi kwa mwenzetu. Kiungo kile kilikuwa kimechakaa, na hakikuwa na waya wa usalama, ule wa chuma unaofungwa pande zote mbili za kiungo ili mpira ukichomoka usiende mbali. Tulipolielewa jambo hili tulilipeleka kwenye kikao cha tawi, tukadai waya kwa kila kiungo cha upepo, na koki karibu na mfanyakazi. Vilihitajika vikao 3. Waya zilifungwa mwaka 2006. Kesho mkiingia zamu, tazameni viungo vya kwenu.